Njiwa, Baridi na Subira ya Mkulima

Makarani na wafanya biashara wengi wa River Road, mjini Nairobi, wana kazi mbili. Mchana huandika hesabu na kuuza madukani. Jioni hupanda magari kurejea magharibi mwa mji, pande za Kangemi, Uthiru, Dagoretti na Kikuyu, ambako wana vishamba vya mahindi, maharagwe na sukuma wiki. Mjini njiwa ni ndege wa kupendeza. Hutembea miguuni pa watu akiokota makombo, wala hapana amfukuzaye. Lakini shambani ndege huyo, pamoja na jamaa zake wa mwitu na tetere, huitwa mwizi. Kwa hiyo yafaa mkulima azijue desturi zake kabla ya kufikiri silaha.

Katika nchi ya Uingereza wakulima hupigana na njiwa wa msituni wakati wa baridi kali. Theluji ikifunika ardhi, ndege hao hukosa chakula kingine, nao hushuka kwa makundi juu ya kabichi na mboga nyingine za majani. Hata hivyo mwenye bunduki hatoki siku yo yote apendayo. Hungoja siku ya upepo, maana siku ya utulivu aghalabu njiwa hupita juu sana na kuona mbali. Bali upepo ukivuma huruka chini, na wanapotua huuelekea upepo. Basi mtu hujificha nyuma ya wavu au ua wa miti, akapanga njiwa wa bandia shambani ili walio hai wadhani kwamba wenzao wamekwisha kuta karamu. Kazi yake kubwa si kupiga risasi, bali kungoja.

Kenya hapana theluji mashambani, na bunduki si njia. Uwindaji ulipigwa marufuku mwezi wa Mei, 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji wa kujifurahisha na hata ule wa kutafuta kitoweo. Lakini elimu ya kuisoma hali ya hewa haina marufuku, nayo ndiyo imfaayo mkulima wa Dagoretti kuliko risasi.

Kwanza, njiwa hachakuri udongo kwa miguu kama kuku au kwale. Huokota kilicho juu, na pengine hupekua kidogo kwa mdomo. Mbegu ya mahindi iliyofukiwa vizuri, kadiri ya sentimita 5, ni salama kwake. Lakini mvua kubwa ya kwanza huosha udongo na kuzifunua mbegu zilizopandwa juu juu. Mkulima mwenye akili hulizunguka shamba mara mvua ikikatika, akazifukia tena kabla ndege hawajaziona.

Pili, chakula kikubwa cha njiwa ni mbegu kavu, kwa hiyo hana budi kunywa maji kila siku. Hupenda kula asubuhi na jioni, na jua likiwa kali hupumzika mitini. Kukiwa na manyunyu hukaa tawini, manyoya yamemvimba, akingoja. Manyunyu yakikoma na jua likichungulia, hushuka wote pamoja wakiwa na njaa. Mlinzi aliyekaa shambani saa zote za manyunyu, kisha akaenda kuota moto jua lilipotoka, amelinda shamba wakati lisipohitaji mlinzi.

Jambo hilo huonekana hasa katika miezi ya baridi, tangu Juni hadi Agosti. Mawingu huifunika Nairobi hata siku nzima, na Julai ndio mwezi wa baridi kupita yote. Maharagwe ya mvua ya masika huwa tayari kuvunwa, lakini jua la kuyaanika ni haba. Likitoka kwa saa mbili, kila nyumba hutandaza maharagwe na nafaka uani. Na saa hizo mbili ndizo alizokuwa akizingoja njiwa pia. Basi turubai na litandazwe karibu na mlango, na mtu mmoja aketi hapo mpaka vyote viingizwe ndani.

Wazee walijenga madungu mashambani, wakaamia ndege kwa makombeo na kelele, na walinzi wao walikuwa watoto. Siku hizi watoto wako shuleni, na hapo ndipo pawapasapo. Kwa hiyo majirani na wapande juma moja, ili hasara isimwangukie mmoja tu aliyetangulia au aliyechelewa. Kisha wagawane zamu za asubuhi na jioni. Sanamu la kutishia ndege nalo lihamishwe kila baada ya siku chache, kwani njiwa akilizoea hutua begani pake.

Hata serikali yenye eropleni hungoja. Kwelea kwelea mmoja hula kadiri ya gramu 10 za nafaka kwa siku, hivi kwamba kundi la ndege milioni 1 laweza kumaliza tani 10 kwa siku moja. Mwezi wa Januari, 2023, walivamia mpunga katika Kaunti ya Kisumu, ikabidi wanyunyiziwe dawa. Kazi ya namna hiyo hufanywa jioni, ndege wakiisha kutua mahali pao pa kulala, na upepo ukiwa umetulia. Upepo ukivuma, dawa huchukuliwa hadi kwenye maji, mboga na ndege wasio na hatia.

Asiye na subira hukimbilia sumu, na hapo ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko njiwa wote. Huko Bunyala, katika Kaunti ya Busia, watafiti walikuta watu wakitega ndege kwa chambo kilichotiwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan, kisha wakiwauza kwa kitoweo. Mwaka 2009, baada ya habari za simba waliouawa kwa dawa hiyo kuenea, mtengenezaji aliiondoa katika soko la Kenya. Lakini dawa za wadudu bado ziko madukani, na hasira ya mkulima bado iko shambani. Njiwa aliyelishwa sumu huenda asife pale pale. Huruka akitafuta maji, akaanguka katika kiwanja cha jirani. Mtoto humwokota, akamchoma na kumla, wala sumu haionekani kwa macho.

Debe lililopungua hujazwa msimu ujao, lakini mtoto aliyekula sumu hapandwi tena. Basi dawa ya wadudu na ifungiwe mbali na nafaka, na mwenye shamba linaloliwa amwendee Bwana Shamba kabla ya kwenda dukani.