Paka Dume Akishindwa Kukojoa

Mwezi huu ukurasa wetu wa nyumbani unazungumza juu ya paka, ao pushi sawa vile wengi wetu tunamwita huku. Wengine watacheka: «Sisi wenyewe tunatafuta bukari, na ninyi mnatufundisha chakula cha pushi?» Lakini mama anayeweka mfuko wa unga ndani ya nyumba ya kampu anajua kazi ya paka. Paka akikosa usiku mmoja tu, panya wanatoboa mfuko na kukojoa ndani ya unga. Paka ni mfanyakazi wa nyumba, na mara nyingi ni rafiki wa mtoto. Mfanyakazi naye ana haki ya posho yake, na posho mbaya inaweza kumwua. Tutaona namna gani.

Alama za kuangalia

Paka mzima anakojoa mara mbili mpaka nne kwa siku, na anamaliza haraka. Anafukia kwa mchanga, anakwenda zake. Paka mwenye ugonjwa wa mkojo anakwenda kwenye mchanga kila mara, anachuchumaa muda mrefu, anatoa matone tu ao hatoi kitu. Mkojo unaweza kuwa na damu. Analamba sehemu zake za chini bila kuchoka. Anaweza kukojoa juu ya kitanda ao ndani ya beseni, yeye aliyekuwa safi siku zote. Na mara nyingi analia.

Hapo watu wanadanganyika kwa namna mbili. Wa kwanza wanasema: «Amefunga choo», wanamnywesha mafuta, wanangoja siku tatu. Kumbe choo kiko sawa, ni mkojo unaokataa. Kabla ya kusema amefunga choo, angalieni kwanza mchanga wake: kuna mahali palipolowana ao hakuna?

Wa pili wanasikia paka analia usiku nyuma ya nyumba, wanasema: «Ile pushi iko na bulozi, tuitupe kule.» Basi anafukuzwa, na vijana wanamtupia mawe. Hakuna bulozi. Mnyama analia kwa sababu anaumia. Vijana, huyo ana mawe ya kutosha ndani ya mwili wake, msimwongezee mengine.

Saa ya hatari

Paka jike pia anaweza kupata ugonjwa huu, lakini njia yake ya mkojo ni fupi na pana, tumawe tudogo tunaweza kupita. Njia ya dume ni ndefu, na karibu na mwisho inakuwa nyembamba sana. Chembe chache zikishikana na uteute zinatosha kuifunga, sawa kizibo ndani ya chupa.

Mkojo ukikosa njia unajaa ndani ya kibofu, ndio kifuko cha mkojo, kisha unasukuma nyuma mpaka figo zinashindwa kazi. Uchafu unabaki ndani ya damu. Potasiamu, ambayo ilipaswa kutoka na mkojo, inapanda mpaka moyo unasimama. Tangu njia kufungwa kabisa mpaka kifo ni siku mbili ao tatu tu. Siku ya kwanza analia na kuchuchumaa. Siku ya pili anatapika, anakataa chakula, analala pembeni, mwili umepoa. Mtu akimwona hivyo anasema: «Asante, ametulia.» Hapana, hakutulia. Yuko anakufa.

Kwa hiyo mshike neno hili moja hata mkisahau mengine yote: paka dume anayejaribu kukojoa na hatoi kitu, apelekwe kwa munganga wa wanyama siku ile ile. Lubumbashi kuna Universite yenye kufundisha uganga wa wanyama. Mtu wa Likasi ana njia ya kilometa karibu 120 kufika kule, wa Kolwezi karibu 300. Ndiyo sababu asingoje kesho. Aulize kwanza kama hakuna munganga wa wanyama karibu, hata yule anayechanja mbuzi na mbwa. Munganga atamlaza paka usingizi, ataingiza mpira mwembamba ndani ya njia ya mkojo, ataisafisha na kumtia serumu. Kazi ile haifanywi nyumbani.

Na wakati wa kungoja, msifanye mambo haya:

Msimkamue tumbo. Kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka.

Msimpe dawa za watu. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500, kile tunachompa mtoto mkubwa kwa homa, kinaweza kuua paka. Mwili wake hauwezi kukiyeyusha sawa mwili wetu.

Msimnyweshe mayi kwa nguvu. Mayi ni dawa ya kuzuia, lakini njia ikiisha kufungwa yanaongeza tu mzigo.

Tumawe tunatoka wapi?

Watu wa madini hawahitaji maelezo marefu. Mtoto wa Kolwezi ameona malakiti ya kijani. Mayi yenye shaba yalipita polepole ndani ya nyufa za mwamba. Kidogo kidogo madini yakatoka ndani ya mayi, yakashikana, yakawa jiwe. Mama naye ameona chumvi ikibaki chini ya sufuria mayi yakikauka juu ya moto.

Ndani ya kibofu cha paka ni vilevile. Mkojo unabeba madini: magnesiamu, fosfati, kalsiamu na mengine. Mayi yakiwa mengi, madini yanabaki yameyeyuka na yanatoka. Mayi yakipungua, mkojo unakuwa mzito, chembe za kung'aa zinaanza kujengeka, kwanza sawa mchanga, kisha sawa tumawe. Mchanga ule unakwaruza kibofu, ndiyo damu na maumivu.

Sasa, kwa nini mayi yanapungua? Sababu ni mbili, na zinakutana ndani ya sahani yake.

Ya kwanza ni asili ya paka. Paka wa nyumba zetu ametoka kwa paka wa mwitu wa Afrika ya kaskazini na Mashariki ya Kati, nchi kavu zenye jangwa. Yule alizoea kuishi bila mto. Figo zake zinajua kubana mkojo sana, na kiu yake ni ndogo. Mayi yake alikuwa anayapata ndani ya nyama: katika mwili wa panya, karibu sehemu 70 kwa 100 ni mayi. Basi paka hakufundishwa kunywa, alifundishwa kula mayi.

Ya pili ni posho tunayompa. Huku kwetu ni kapenta kavu, vichwa vya makayabu na bukari iliyobaki. Wenye pesa mjini wananunua chakula kikavu cha pakiti. Kapenta kavu na chakula kikavu cha pakiti vinafanana kwa jambo moja: mayi yake ni karibu sehemu 10 tu kwa 100.

Tufanye hesabu pamoja. Paka wa kilo 4 anahitaji karibu mililita 200 za mayi kwa siku, chakula na kinywaji pamoja. Akila gramu 250 za samaki mubichi aliyechemshwa, ndani yake amepata mayi karibu mililita 190. Amekaribia kumaliza haja yake bila kunywa. Akila gramu 65 za kapenta kavu, amepata mililita 6 ao 7 tu. Zinazobaki anapaswa kuzinywa yeye mwenyewe, na yeye kiu hana. Tena tusamaki tule twakavu tunaliwa pamoja na mifupa, ndiyo kusema madini ni mengi na mayi ni machache. Hiyo ndiyo njia ya kutengeneza mawe.

Posho inayofaa

Hatuwaambii mnunue nyama ya ng'ombe kwa ajili ya paka. Tunawaambia murudishe mayi ndani ya chakula kilekile.

Kapenta: ioshe kwa mayi ya moto, umwage yale mayi ya kwanza yenye chumvi. Iloweshe tena, uichemshe mpaka ilainike, umpe pamoja na supu yake. Supu iwe nyingi, paka aikute mbele ya samaki.

Samaki mubichi, moyo, mapafu ao utumbo wa kuku: chemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila pilipili. Kitunguu kinaharibu damu ya paka, hata kikiwa ndani ya mchuzi. Ini umpe kidogo tu, si kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa itolewe, kwa sababu inavunjika na kuchoma matumbo.

Makayabu: muiache kwa watu. Chumvi yake ni nyingi mno.

Bukari: kidogo si sumu, lakini haijengi mwili wa paka. Paka ni mla nyama. Akijaa bukari tu, anadhoofika.

Chakula cha pakiti: changanya na mayi ya vuguvugu mpaka kilowane, ngoja kidogo, kisha umpe. Kisikae siku nzima wakati wa joto, kitaoza.

Maziwa: si badala ya mayi. Paka wengi wakubwa wanaharisha wakiyanywa.

Na mayi safi yawepo sikuzote, katika visahani viwili ao vitatu, mbali na chakula na mbali na mchanga wake. Paka wengi wanapenda bakuli pana, na wanakataa mayi yenye takataka. Visahani vioshwe kila siku.

Paka mnene asiyetembea yuko katika hatari zaidi, na dume aliyehasiwa vilevile, kwa sababu ananenepa upesi. Mumuache akimbie, awinde. Panya ni chakula chake kizuri kuliko vyote, lakini katika nyumba iliyowekwa sumu ya panya, anayekula panya anakula na sumu.

Mawe si ya namna moja

Wazee waliofanya kazi Shituru, kule Likasi, wanajua namna asidi inavyoyeyusha madini ya shaba. Jiwe moja la paka, linaloitwa struviti, linafanana na hayo: mkojo ukiwa na asidi kidogo, na chakula kikiwa na magnesiamu na fosfati chache, jiwe linaweza kuyeyuka ndani ya wiki chache. Waganga wana chakula cha pekee kwa kazi hiyo. Jiwe la pili, oksalati ya kalsiamu, haliyeyuki kwa chakula chochote. Likiwa kubwa, linatolewa kwa kupasua.

Msikie sasa habari ya Marekani. Katika Universite ya Minnesota kuna kituo kinachopima mawe ya wanyama tangu mwaka 1981. Mwanzoni, mawe karibu 78 kwa 100 ya paka yalikuwa struviti, na oksalati ilikuwa 2 tu. Viwanda vya chakula vikapunguza magnesiamu na kuongeza asidi. Struviti ikashuka kweli, lakini oksalati ikapanda. Mwaka 2002 ilikuwa zaidi ya nusu ya mawe yote. Walifunga mlango mmoja, mwingine ukafunguka.

Somo ni nini? Mtu asimtilie paka wake ndimu ao siki akidhani anayeyusha jiwe. Bila kupimwa mkojo hajui ni jiwe gani. Tena kuna paka wengi wenye alama hizi ambao hawana jiwe hata moja: kibofu kimewaka tu, mara nyingi kwa hofu, kama vile kuhama nyumba, mbwa mgeni, ao kelele. Lakini struviti, oksalati, hata kibofu kinachowaka, vyote vitatu vinasaidiwa na jambo moja: mkojo mwepesi wenye mayi mengi. Ndiyo maana tumerudia mayi, mayi, mayi. Ni dawa isiyohitaji farmasi.

Kazi ya mtoto

Wazazi, mumpe mtoto mmoja kazi hii. Kila asubuhi aangalie sanduku la mchanga na kuhesabu mahali palipolowana. Kila jioni aoshe visahani na kuvijaza. Akisema: «Mama, leo pushi haikukojoa», mama asimjibu: «Acha mambo ya pushi, enda kusoma.» Ainuke, aangalie mwenyewe. Na paka aliyepona mara moja aangaliwe zaidi, kwa maana ugonjwa huu unapenda kurudi. Mama akichoka na kurudia kapenta kavu, njia itafungwa tena.

Mtoto anayejifunza kuona maumivu ya mnyama asiyeweza kusema, kesho ataona maumivu ya mdogo wake, na ya nyanya yake anayenyamaza kitandani. Leo jioni, mbele ya kumtupia paka kapenta yake, mtie kwanza mayi.