Ukienda Makumbusho, Mchukue Nyanya

Shule zinapofungwa wengi wetu huwapandisha watoto matatu, safari ikawa ya Kitui, Mwingi, Wote au Kibwezi. Tukifika, mtoto hukaa chini ya mwembe na simu, nyanya naye yuko jikoni na sufuria zake. Wiki mbili hupita, kila mmoja akimwona mwenzake kama mgeni.

Likizo ijayo, tenga asubuhi moja ya kwenda makumbusho. Usitarajie jumba kubwa kama la Nairobi. Miaka ya 1990, Bw. Sultan Somjee, aliyekuwa mkuu wa idara ya etnografia katika Makumbusho ya Kitaifa, alizihimiza jamii mbalimbali zianzishe makumbusho madogo ya amani, Wakamba wakiwemo. Makumbusho ya namna hiyo huenda yakawa chumba kimoja tu: vibuyu, vigoda, uta na podo, ngoma, na vyondo ukutani. Mwenye haraka humaliza kwa dakika 10, akatoka akinung'unika kwamba hakuna kitu.

Ndiyo maana nasema, mchukue nyanya. Karatasi iliyobandikwa ukutani itakwambia hiki ni kiondo, basi. Nyanya atakwambia kwamba nyuzi zilitoka kwa katani au gome la mbuyu, zikasokotwa juu ya paja. Kwamba kiondo huanzwa kitakoni kikapanda juu polepole. Na kwamba wanawake walikisuka hata wakiwa njiani kwenda sokoni. Mkifika kwenye kigoda cha miguu mitatu, kilichochongwa kwa gogo moja na kutiwa urembo wa waya mwembamba, muulizeni ni nani aliyekikalia, na ni nani hakuthubutu.

Watoto nao wapewe kazi. Kila mmoja achague kifaa kimoja tu, akichore kwa penseli. Anayechora hutazama kuliko anayepiga picha. Kisha amuulize nyanya maswali matatu: kimetengenezwa kwa nini, kilitumiwa na nani, na kwa Kikamba kinaitwaje? Majibu ayaandike nyuma ya mchoro. Asiguse kitu kabla ya kumwomba ruhusa mwangalizi. Mkirudi nyumbani, tafuteni katani mjaribu kusokota. Uzi wa mtoto utakuwa na vinundu, usimcheke.

Nawahimiza kwa sababu muda haungoji. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mswidi mmoja, Gerhard Lindblom, aliishi Ukambani akiandika mila za watu, na kitabu chake kikuu kikatoka mwaka wa 1920. Vifaa alivyokusanya vilipelekwa Stockholm. Huko vinatunzwa vizuri, lakini hakuna nyanya wa kumweleza mtoto vilivyotumika. Sisi bado tunaye, ila kila mwaka tunawazika baadhi yao, na kifaa kisicho na wa kukieleza hakikawii kugeuka kuni.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Basi unapomnunulia nyanya sukari na mkate wa safari, tia pia kwenye mfuko penseli na daftari. Siku ya makumbusho ikifika, kiti cha mbele karibu na dereva kiwe chake.