Maharagwe ni ya bei nafuu, moto ndio ghali

Juni 2024, siku chache baada ya yale maandamano ya Mswada wa Fedha, mimi na marafiki wawili tulienda kutoa damu. Mtandaoni watu walikuwa wanaulizana nani ni grupu O, nani anaweza kufika. Tukapanga foleni na morali kama ya kwenda uwanjani. Wenzangu wakapita. Mimi nesi akanidunga kidole, akaangalia kimashine chake, akaniangalia, akapima tena.

"Dada, damu yako iko chini. Wewe ndiye unafaa kuongezewa." Halafu akauliza swali lililonitoa jasho: "Kwani unakula nini?"

Nilimdanganya. Nilisema nakula vizuri tu. Ukweli ni kwamba asubuhi ilikuwa chai na mandazi mawili, mchana mara nyingi hakuna kitu, na jioni chipsi na soseji za kibanda kilicho karibu na stegi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nafanya vibarua vya kuandikia watu matangazo ya biashara zao, na naishi Githurai kwenye bedsita ambayo jikoni yake ni meza moja na mtungi wa gesi wa kilo 6.

Nikirudi keja kwa matatu nilijicheka. Ule mswada ulikuwa umependekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Juni 18 ikatangazwa kwamba hayo mawili yametolewa, na Juni 26 Rais akakataa kuutia saini mswada mzima. Tulipigania mkate na mafuta, na sijutii. Lakini mimi niliyetoka kwa ajili ya chakula sikuwa na damu ya kumpa mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kitu kimoja: kama sukuma ni ya kumi, na maharagwe ni chakula cha kila mtu tangu tukiwa shule, mbona vijana wa mtaa tunakula vibaya hivi?

Hesabu ya chipsi

Jibu rahisi ni kwamba sisi ni wavivu. Wazazi hulipenda sana jibu hilo. Jibu la pili hutoka kwa wale wa mitandaoni wanaotuambia tule chia, shayiri za pakiti na mtindi wa Ugiriki, kisha wanaita hiyo bajeti. Yote mawili yananikera, kwa hivyo nikachukua daftari na kuandika kila shilingi.

Chipsi 100, soseji 40. Siku sita kwa wiki hiyo ni 840. Maharagwe dukani kwetu yalikuwa 160 kwa kilo. Kilo moja kavu ikiiva inakaribia kilo mbili na nusu, yaani sahani 12 hivi. Sahani moja ya maharagwe ni kama bob 13. Ukiweka nyanya, kitunguu, mafuta kidogo na mboga, bado hujafika 50. Kwenye karatasi maharagwe yameshinda kitambo.

Basi nikaanza kupika maharagwe mara tatu kwa wiki, nusu kilo kila mara, bila kuyaloweka kwa sababu nilikuwa nakumbuka njaa ikishafika. Kila mara yalikaa kwenye moto karibu saa tatu. Mtungi wangu ambao hujazwa kwa 1,200, na ambao ulikuwa unanipeleka wiki tano, ukaisha kwa wiki tatu. Piga hesabu: gesi ilitoka 240 kwa wiki ikafika 400. Hizo 160 za ziada ukizigawa kwa mara tatu nilizopika, kila nusu kilo ya maharagwe ya bob 80 ilikuwa inachoma gesi ya zaidi ya bob 50.

Hapo ndipo nilimwelewa yule jamaa wa chipsi. Anauza viazi, sawa, lakini pia anauza moto ambao tayari umewaka. Mtu aliyekwama kwenye foleni ya Thika Road akafika saa mbili na nusu usiku hana saa tatu za kusubiri maharagwe. Bob 140 inamnunulia chakula, moto na usingizi wake. Kumwita mvivu ni kutojua hesabu.

Maskini ndiye hulipa moto ghali

Na mimi angalau nina mtungi. Jirani yangu wa ghorofa ya chini hununua makaa ya mkebe, 80 kila siku. Kwa mwezi hiyo ni 2,400, mara mbili ya kujaza gesi yangu. Anajua hesabu hiyo kuliko mimi. Lakini mtungi mpya pamoja na kichomeo unataka maelfu kadhaa kwa mkupuo, na yeye hulipwa kwa siku. Ndio uchumi wa kadogo huo: ukinunua kidogo kidogo unalipa zaidi, na hukununua kidogo kwa kupenda.

Sasa angalia vile serikali imecheza na huu moto. Septemba 2018 mafuta ya taa yaliwekewa ada ya shilingi 18 kwa lita, sababu ikiwa kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Aliyeumia zaidi ni mwenye stovu. Julai 2021 gesi ikawekewa VAT ya asilimia 16. 2022 ikashushwa hadi asilimia 8, na 2023 ikaondolewa. Hiyo ya mwisho ilikuwa hatua nzuri, ingawa sheria hiyohiyo ya 2023 ilipandisha VAT ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16, na gesi na mboga zote husafirishwa kwa lori.

Linganisha na unga. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo mbili ilishushwa hadi 100 kwa pesa za serikali. Nchi nzima ikaongea. Baada ya uchaguzi ruzuku ikaisha, nchi nzima ikaongea tena. Unga unajua kupiga kelele. Moto hupanda kimyakimya, na ukipanda, mtu haachi kula ugali. Anaacha kupika vitu vinavyochukua muda: maharagwe, ndengu, njahi, githeri. Vyakula vyenye protini na madini ya chuma ndivyo hutoka kwa meza kwanza. Ugali huiva haraka, chai na mkate ni haraka zaidi, na ndivyo unajaza tumbo huku damu inashuka.

Mambo mawili yanayofanya kazi tayari

La kwanza ni Dishi na County hapa Nairobi, iliyoanza 2023. Mtoto wa shule ya umma analipa shilingi 5, anapata chakula cha mchana chenye wali na maharagwe au ndengu. Shilingi tano hailipi chakula hicho, gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na shirika la Food4Education. Siasa za mradi huo zina wenyewe. Mimi naangalia sufuria. Chakula hupikwa kwenye jikoni kubwa za pamoja, kwa maelfu ya sahani, kisha kinasambazwa shuleni. Maharagwe yaleyale yanayonimalizia gesi mimi, yakipikwa kwa wingi namna hiyo, moto wa kila sahani unakuwa kitu kidogo sana.

La pili liko mtaani kwako na pengine hulipi heshima. Ni yule mathe anayekaa kando ya barabara jioni na sufuria kubwa zilizofunikwa gunia, anauza githeri na maharagwe yaliyochemshwa kwa kikombe. Huyo ndiye jikoni ya pamoja ya mtaa. Amechemsha mara moja kwa ajili ya milango hamsini. Ukichukua kikombe kwake na sukuma ya kumi kwa mama mboga, unamalizia kwa dakika kumi na tano za moto, muda uleule ambao ungesimama kungoja chipsi. Lakini huyo huyo hana meza ya kudumu, hana maji karibu, na siku nyingine anafukuzwa barabarani na sufuria zake. Tunawahimiza vijana wale vizuri, halafu tunamfukuza anayewarahisishia.

Sisi tunafanyaje

Kwenye ploti yetu tuko watatu: mimi, dada wa mlango wa pili anayesuka nywele, na jamaa wa boda. Tunachanga pesa na tunapokezana kupika. Mmoja huchemsha Jumapili, mwingine Jumanne, wa tatu Alhamisi. Mwenye zamu huchemshia wote, kila mmoja anachukua fungu lake na kulikaanga anavyotaka. Badala ya kuwasha moto mrefu mara tatu kwa wiki, nauwasha mara moja. Gesi yangu imerudi kwenye wiki tano.

Tulichojifunza, kwa ufupi:

Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemshia maji mapya. Muda wa moto hupungua sana, na tumbo nalo hutulia.

Yakishachemka kwa nguvu kama nusu saa, funika sufuria vizuri, izungushie leso na blanketi nzito, iache saa kadhaa. Joto la ndani linaendelea kupika. Baadaye yarudishe motoni yachemke tena mpaka yaive kabisa. Nyanya wengi walifanya hivi kwa kikapu kabla hatujazaliwa.

Kama hamna friji, pikeni ya siku mbili tu, bila kitunguu wala nyanya, na yachemshwe asubuhi na jioni. Yakianza kunuka uchachu, mwaga. Dawa ni ghali kuliko maharagwe.

Changanya na mahindi. Protini ya maharagwe na ya mahindi hujazana, moja ina kile ambacho nyingine imepungukiwa. Githeri ya shule tuliyokuwa tunaitukana ilikuwa na akili.

Weka kitu chenye vitamini C kando: kachumbari, ndimu, chungwa. Husaidia mwili kuchukua chuma kilicho kwenye maharagwe na mboga. Chai nayo hufanya kinyume, kwa hivyo ingoje kama saa moja baada ya kula. Hii ya chai ilinigusa, maana mimi nilikuwa nashushia kila kitu na chai.

Managu, terere na kunde zikipatikana kwa bei ya sukuma, chukua. Osha kabla ya kukata, na usizipike hadi zipoteze rangi. Omena nayo huliwa na mifupa yake, kwa hivyo unapata kalisiamu pamoja na protini, na haihitaji moto mrefu.

Na tafadhali, usipike kwa makaa ndani ya bedsita iliyofungwa madirisha. Ule moshi usioonekana huua watu usingizini.

Tuulize maswali ya moto

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Neno ubora limo. Hawakuandika unga peke yake.

Kwa hivyo makadirio ya bajeti ya kaunti yakiletwa kwa maoni ya umma, twende na maswali mengine juu ya yale ya bei ya pakiti. Soko la mtaa wetu lina nafasi yenye maji ya mama wa githeri, au ni maduka ya simu peke yake? Nyumba mpya zinazojengwa zinaachiwa sehemu salama ya kupikia? Mtu wa kipato cha siku atapataje mtungi bila kutoa maelfu kwa mara moja? Tayari kuna kampuni zinazouza gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, kwa hivyo tusiambiwe haiwezekani. Na kila mwaka Mswada wa Fedha ukitoka, tafuta mstari wa gesi na wa mafuta ya taa kabla hujatafuta wa mkate.

Machi 2025 nilirudi kutoa damu. Sitakudanganya kama nilivyomdanganya nesi: nilikuwa pia nimemeza vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu, kwa hivyo sitasema ni maharagwe peke yake. Kidole kikadungwa, kimashine kikaangaliwa mara moja tu, nikaelekezwa kitandani. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Leo ni Jumapili, zamu yangu. Kilo moja na nusu imelowa tangu jana usiku, na jamaa wa boda ameshapiga hodi mara mbili kuuliza kama yameiva. Nyinyi kwenu ploti mnapokezana vipi?