Mwanamke akisema hapana: yale filamu za mapenzi zinafundisha

Wazazi wengi huona filamu za mapenzi zenye kuchekesha kama mchezo wa kupitisha jioni tu. Sisi tunaona kwamba ni shule pia. Humo kijana anajifunza namna ya kumfuata msichana, na msichana anajifunza namna ya kumjibu, bila mtu kuwaambia kwamba wako darasani. Kwa hiyo tunaziuliza filamu hizi swali moja, kuanzia zile za zamani za Marekani: mwanamke akisema hapana, jibu lake linachukuliwaje?

Tuanze na mwaka 1934, wakati Frank Capra alipotoa It Happened One Night, filamu iliyopata tuzo tano kubwa za Oscar. Ellie, binti wa tajiri, ameolewa na mwanamume ambaye baba yake hamtaki. Baba anamzuia katika merikebu yake. Binti anaruka majini na kutoroka. Safarini anakutana na Peter, mwandishi wa habari. Wanapolazimika kulala chumba kimoja, Peter anatundika blanketi katikati ya vitanda viwili na kuliita ukuta wa Yeriko. Heshima hiyo inapendeza. Lakini mwishoni Peter huyo huyo anamwambia baba kwamba binti wake anahitaji mwanamume wa kumpiga kila siku, awe amekosa au hakukosa. Maneno hayo yaliwekwa ili watu wacheke, na Peter anabaki kuwa shujaa wa filamu.

Mwaka 1940 Howard Hawks alitoa His Girl Friday. Katika mchezo wa jukwaani wa mwaka 1928 ambao filamu hiyo ilitokana nao, mwandishi hodari wa habari alikuwa mwanamume. Hawks alimpa mwanamke nafasi hiyo, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Hildy anataka kuacha kazi na kuolewa tena. Mume wake wa kwanza, ambaye ndiye mkubwa wake kazini, anamzuia kwa uongo na hila, hata kusababisha mchumba wake akamatwe na polisi. Filamu inaheshimu akili ya Hildy na kazi yake, lakini uamuzi wake unafanyiwa mzaha.

Katika Pillow Talk ya mwaka 1959, mwanamke ana kazi nzuri na nyumba yake mwenyewe. Mwanamume anajifanya mtu mwingine ili ampate. Uongo unapojulikana, mwanamke anakasirika kwa haki. Mwanamume anafanya nini? Anaingia kwake, anamtoa kitandani kwa nguvu akiwa na nguo za kulala, na kumbeba barabarani huku akipinga. Filamu inaisha kwa furaha. Fundisho lake ni wazi: hapana ya mwanamke ni ndiyo inayosubiri mwanamume mwenye nguvu.

Kisha maisha yenyewe yakabadilika. Mwaka 1960 serikali ya Marekani iliruhusu vidonge vya kupanga uzazi. Sheria ya mwaka 1963 ilidai mishahara sawa kwa kazi sawa, na ile ya mwaka 1974 ilikataza benki kumnyima mtu mkopo kwa sababu ni mwanamke. Mwanamke mwenye mshahara wake hakuhitaji tena kuolewa ili apate mkate, na filamu zikafuata. Annie Hall ya mwaka 1977 inaisha wapenzi wakiwa wameachana, bila mtu kumlazimisha mwenziwe kurudi. Hata hivyo desturi ya zamani haikufa. Katika You've Got Mail ya mwaka 1998, mwanamume ambaye duka lake kubwa limelifunga duka dogo la vitabu la mwanamke anamficha kwa muda mrefu kwamba ndiye anayemwandikia barua za mapenzi. Bado tunaombwa tumpende.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, wanawake wengi wa Hollywood walipoeleza waziwazi maovu waliyotendewa kazini, kicheko cha namna hiyo kimekuwa kigumu. Katika Materialists ya Celine Song, iliyotoka mwaka 2025, mwanamke mwenye kazi ya kuunganisha wachumba anapima watu kwa mshahara na urefu wa mwili, kama bidhaa sokoni. Kisha mmoja wa wateja wake anashambuliwa na mwanamume ambaye wakala wao ulimchagulia. Hapo filamu haichekeshi tena. Jambo ambalo mwaka 1934 lilikuwa mzaha, sasa linaitwa kwa jina lake: uovu.

Afrika nayo inauliza swali hilo. Katika Isoken, filamu ya Nigeria ya Jadesola Osiberu ya mwaka 2017, mwanamke wa miaka 34 mwenye kazi nzuri anasukumwa na jamaa yake aolewe, na mwanamume ameshatafutwa. Vicheko vingi vinatoka kwa mama na mashangazi ambao sisi sote tunawajua.

Wengine wanasema filamu za leo zinabomoa ndoa. Hawakosi kabisa, maana nyingine zinadharau uaminifu na subira. Lakini kusikiliza jibu la mwanamke hakubomoi ndoa. Hapa Kongo, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilidai kila mmoja akubali ndoa kwa kinywa chake mwenyewe, ingawa baada ya arusi mke alihitaji ruhusa ya mume kwa mapatano ya kisheria. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Sheria imesogea, lakini mara nyingi bado tunasikia vijana wakisema kwamba msichana anayekataa anajifanya tu.

Sisi tulio na Biblia hatuna haja ya kujifunza hili Hollywood. Katika Mwanzo 24, mambo yote yalikuwa yamepangwa na zawadi zimetolewa, lakini jamaa walimwita Rebeka wakamwuliza kama atakwenda. Alijibu mwenyewe. Kwa hiyo, wazazi na wachungaji, msizime televisheni kwanza. Kaeni pamoja na vijana, na filamu ikiisha waulizeni: huyu binti aliulizwa? Na alipojibu, alisikilizwa?