Mastaa wetu, bethidei ijayo jengeni tuta

Wadau, picha mmeziona. Staa wetu mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, mwenyewe anajijua) kasherehekea bethidei yake kwenye shule ya msingi ya serikali hapa Dar. Kagawa mabegi, kakata keki na watoto, kapiga picha kibao. Safi sana. Ila ile video ya msafara wake ukiondoka hebu irudieni, muangalie pembeni. Watoto na mabegi yao mapya wamesimama ukingoni mwa lami wanasubiri kuvuka, magari yanapita vuuu. Zebra ipo, imefutika. Tuta hakuna.

Watoto wa shule hizi wengi wanatembea. Basi la njano ni la shule za kulipia. Daladala nazo, konda akiona sare anajifanya gari imejaa, maana nauli ya denti ni ndogo. Basi ndo mtoto wa la pili anashika mkono wa dada yake wa la tano, wanatoka nyumbani giza bado. Pa kutembea pamejaa meza za biashara, na bodaboda wamepafanya njia ya kukwepa foleni. Mtoto afanyeje? Anashuka barabarani.

Na yule mheshimiwa aliyegawa baiskeli kwa wanafunzi jimboni kwake, asante, lakini hao watoto wanapita kwenye bega la barabara kuu moja na malori.

Msiniambie haya ni mambo ya Ulaya. Taasisi inaitwa Amend imefanya hapahapa Dar, kwenye mradi wao wa SARSAI. Wanakagua njia za watoto, wanaweka tuta karibu na zebra, wanatenga njia ya miguu, na kwingine wanahamisha geti la shule lisifungukie barabarani. Yaani geti tu! Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya WRI Ross Prize for Cities, dola 250,000, ukiibwaga miji ya dunia nzima. Mjini hapa wangapi tunajua? Umbea wa nani kaachana na nani tunaujua wote.

Kwa nini tuta na siyo bango? Sheria inasema mwisho 50 kwa saa kwenye makazi, na kila dereva anaijua. Gari ya 50 inahitaji karibu mara mbili ya umbali wa gari ya 30 mpaka isimame. Bango linapitwa, trafiki anaenda kunywa chai. Tuta halihongeki.

Ila msikimbilie kumwaga kifusi usiku, matuta ya kienyeji yanaangusha bodaboda. Barabara za mitaa ni za TARURA, kuu ni za TANROADS, huko ndo kunapoombwa kibali. Mwalimu mkuu akiandika barua peke yake inalala kwenye droo. Akiongozana na staa mwenye mamilioni ya mashabiki, kamera imewashwa na hela ya kuchangia ipo, hiyo barua inalalaje?

Haya, dondosheni hapo chini: mtaani kwenu watoto wanavukia wapi bila tuta? Na yule mwenye bethidei mtagini, msimuogope.