Mji Mkongwe si Pambo la Picha

Vijana wengi wa Temeke na Kinondoni hupanda boti Jumamosi kwenda Unguja na marafiki, wakazunguka vichochoro vya Mji Mkongwe, wakala urojo Forodhani, wakarejea Jumapili na picha tele. Si vibaya. Lakini mji huo, uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, unadai zaidi. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tumezika pia. Basi kila mgeni aulize kiingilio chake kinaziba ufa upi, na wenye dhamana wajibu hadharani.