Shika Kamba, Karura Ibaki Salama

Wenzangu tunaofuga mbwa Nairobi, nawaandikia kama mmoja wenu. Jumamosi alfajiri, mbwa wangu akisikia tu funguo zikilia, huwa ameshafika mlangoni. Anajua safari ni ya Msitu wa Karura. Ni neema kubwa hiyo: zaidi ya hekta 1,000 za miti, mito na maporomoko katikati ya jiji, na mbwa anaruhusiwa kuingia. Kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi haruhusiwi kukanyaga. Karura imetufungulia lango, mradi mbwa awe kwenye kamba mwanzo hadi mwisho wa matembezi.

Najua kishawishi cha kumfungua. Njia ni tupu, mbwa ni mpole, na unamwonea huruma. Lakini juzi mbwa wangu alisimama ghafla, masikio wima, pua kichakani. Mimi sikuona kitu. Mara majani yakatikisika, akachomoka paa asiyefika hata goti langu. Kamba ilikaza hadi kiganja kikaniuma. Niliita jina la mbwa mara tatu, hakugeuka. Kilichomzuia ni kamba.

Tukumbuke pia kwamba msitu huu umezungushiwa ua wa umeme. Ua unawakinga wanyama, ila anayefukuzwa hana pa kutorokea. Na pongo jike humficha mwanawe kichakani akaenda kula; mtoto hutulia pale, hatikisiki. Sisi tunapita tusimwone. Pua ya mbwa haimpiti.

Jambo la pili ni chanjo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na chanzo chake kilikuwa mbwa wa kufugwa waliozunguka hifadhi. Karura haina simba, lakini ina fungo, ina mbwa wa wenzetu, ina watoto wanaocheza. Kabla ya kumpeleka mbwa, hakikisha amechanjwa distempa na kichaa cha mbwa.

La tatu ni kinyesi. Kiokote, uondoke nacho. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zetu, kwa hiyo beba mfuko wa karatasi au gazeti kuukuu. Mimi hukunja kurasa mbili mfukoni kabla sijatoka nyumbani.

Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walikuja kupanda miti hapa, kupinga msitu kugawiwa wajenzi. Walipigwa, yeye akapasuliwa kichwa. Kivuli tunachotembea chini yake leo kina gharama hiyo.

Basi Jumamosi hii tukikutana njiani, nikute kamba mkononi mwako. Na ukiona mwenzetu amemfungua mbwa wake, msalimie kwanza, kisha umwombe kwa upole amfunge. Mweleze habari za yule paa.